Kibera: Mtaa Uliokuwa Msitu

Mtu akiondoka katikati ya mji wa Nairobi kwa miguu, akaelekea upande wa kusini-magharibi, kwa mwendo wa saa moja na kitu atafika mahali ambapo majani mabichi ya uwanja wa gofu yakoma na mapaa ya mabati yaanza. Uwanja huo ni wa Royal Nairobi Golf Club, chama kilichoanzishwa mwaka 1906. Mapaa hayo ni ya Kibera. Hakuna mlima wala mto wa kuvitenga. Mtu aweza kusimama akageuza shingo tu, akaona huku bwana mmoja akiupiga mpira wake mdogo juu ya nyasi zilizokatwa vizuri, na huku mama akipita na mtungi wa maji aliyoyanunua.

Jina la Kibera wasomaji wengi wamekwisha kulisikia, na yamkini walilisikia kwa ubaya: matope, uvundo, moto, na fujo za wakati wa uchaguzi. Wageni watokao ng'ambo huja na kamera zao, wakapiga picha, wakarudi kwao. Sisemi kwamba yote yasemwayo ni uongo. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa nikidhani, kama wengi wadhanivyo, ya kuwa Kibera ilianzishwa na watu maskini waliotoka mashambani wakajijengea vibanda mahali pasipo pao, bila kumwuliza mtu. Nilipoanza kusoma na kuuliza wazee niliona haya kwa kutojua kwangu. Kibera haikuanza hivyo hata kidogo. Ilianza kwa ruhusa ya Serikali, ikawa kama ijara ya askari baada ya kazi yao. Kilichokosekana ni karatasi ya kuonyesha kwamba ardhi ni yao, na kwa kukosekana karatasi hiyo mengi yakafuata.

ASKARI WALIOTOKA MBALI

Jina lenyewe laonyesha asili ya mahali. Wenyeji wa kwanza hawasemi Kibera. Husema Kibra, na neno hilo katika lugha yao ya Kinubi maana yake ni msitu. Kinubi ni lugha iliyozaliwa kambini. Msingi wake ni Kiarabu, lakini Kiarabu cha askari na wake zao, kilichochanganyika na lugha za watu wa Sudani ya kusini na za nchi walizopitia, hata Mwarabu wa leo akiisikia hupata taabu kuifahamu.

Sasa Wanubi hawa walifikaje Nairobi? Katika karne iliyopita kabla ya ile ya 1900, Serikali ya Misri ilikuwa ikitawala Sudani, na katika pande za juu za mto Nile palikuwa na jimbo liitwalo Equatoria. Liwali wa jimbo hilo tangu mwaka 1878 alikuwa Emin Pasha, ambaye kwa kuzaliwa alikuwa Mjerumani. Askari wake walikuwa watu wa makabila mengi ya kusini. Vita vya Mahdi vilipoishika Sudani, askari hao wakakatwa wasiweze kupata amri wala mshahara kutoka Misri. Mwaka 1889 Stanley alimchukua Emin Pasha akampeleka pwani, walakini askari wengi walibaki karibu na Ziwa Albert, hawana bwana wala nchi ya kurudi. Huko ndiko Kapteni Lugard, aliyekuwa akiitumikia kampuni ya Kiingereza, alikowakuta mwaka 1891. Akawaandika kazi, akawachukua mpaka Uganda: askari mia kadhaa, na pamoja nao maelfu ya wake, watoto na watumishi.

Msomaji na akumbuke idadi hiyo ya pili. Askari wa Kisudani hakwenda vitani peke yake kama askari wa siku hizi. Aliposafiri, kijiji kizima kilisafiri nyuma yake, na alipopiga hema, kijiji kikapiga hema. Kwa hiyo siku alipoacha bunduki hakuwa na nyumba ya kurudia, maana nyumba yake alikuwa nayo pale pale kambini.

Kazi waliyopewa haikuwa nyepesi wala haikupendeza kila mtu. Walitumwa huku na huku kupigana na watu ambao Serikali ya Kiingereza ilitaka kuwatiisha, na walio Wanandi miongoni mwa wasomaji wamesikia kwa babu zao habari za vita vya mwaka 1905 na 1906. Si ajabu basi ikiwa pande nyingine za nchi hii watu hawawakumbuki askari hao kwa mapenzi. Nao wenyewe hawakuwa radhi sikuzote. Mwaka 1897 askari wa Kisudani wa Uganda waliasi, kwa sababu mshahara ulikuwa mdogo na wa kuchelewa, na safari hazikuwa na mwisho. Damu nyingi ikamwagika kabla ya maasi hayo kukomeshwa. Hata hivyo Waingereza waliendelea kuwahitaji. Tarehe 1 Januari 1902 vikosi vyote vya Afrika ya Mashariki na ya Kati viliunganishwa vikaitwa King's African Rifles, ndiyo ile K.A.R. ambayo wazee wetu waliita Keya. Wasudani walikuwa kama uti wa mgongo wake.

PASI YA SHAMBA

Reli ilikuwa imefika Nairobi mwaka 1899, na mji ulikuwa ungali mahema na mabati. Kikosi cha K.A.R. kilikaa pembeni mwa mji, na upande wa pili wa kambi palikuwa na msitu na nyika ambamo askari walifanya mazoezi ya kulenga shabaha. Hapo ndipo, tangu mwaka 1904 hivi, askari wa Kisudani walioachishwa kazi waliporuhusiwa kukaa na jamaa zao. Ardhi hiyo haikuwa ya bure kama wengine wasemavyo. Wamaasai walikuwa wakilisha katika nyanda hizo, na mashamba ya Wakikuyu hayakuwa mbali. Lakini mwaka huo wa 1904 ndio Wamaasai walipotiwa katika mapatano ya kuhama, na Serikali ikaihesabu nchi kuwa yake ya kugawa.

Mwaka 1918 eneo hilo likatangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi. Ukubwa wake ulikuwa ekari 4,197. Naomba msomaji aishike hesabu hiyo, maana tutairudia.

Askari aliyetaka kukaa Kibera alipaswa kuwa ametumikia miaka 12. Akiwa ametimiza, mabwana wa jeshi walimpa cheti kilichoitwa pasi ya shamba, akaenda kufyeka msitu, akajenga, akalima mahindi. Serikali ilikuwa na hesabu yake katika jambo hili. Kwanza, askari hao hawakupewa pensheni, na shamba lilikuwa badala ya pensheni. Pili, ilikuwa vyema kwa Serikali kuwa na kijiji cha askari wazee karibu na mji, ambao wangeweza kuitwa siku ya hatari, na ambao wana wao wangekuwa askari vilevile. Na kweli, watu wa Kibera walitumika katika vita vya 1914 na tena katika vita vya 1939.

Vijiji vikatokea humo msituni, kila kimoja na jina lake: Makina, Lindi, Toi, Kambi Muru, Kambi Aluru, Kambi Lendu. Atazamaye majina hayo kwa makini ataona kwamba mengine ni ya watu wa kando ya Ziwa Albert, Waaluru na Walendu, waliofuatana na askari katika ile safari ndefu. Na hata Laini Saba, wenyeji husema, ni kumbukumbu ya laini za kupigia shabaha.

Sasa nitasema neno moja kama karani, maana hii ndiyo kazi yangu ya kila siku. Kuna karatasi za namna mbili. Ya kwanza yasema: mtu huyu ameruhusiwa kuwa mahali hapa. Ya pili yasema: mahali hapa ni pa mtu huyu. Kwa macho ya asiyezoea ofisi karatasi hizi zafanana. Zote zina muhuri, zote zina sahihi ya mkubwa. Lakini ya kwanza hufa pamoja na mtu, au hata kabla yake, siku mkubwa mwingine atakapokalia kiti. Pasi ya shamba ilikuwa ya namna ya kwanza. Askari wale, ambao wengi wao hawakujua kusoma, waliipokea kana kwamba ni ya namna ya pili. Nani angewalaumu? Waliambiwa wajenge, wakajenga. Waliambiwa walime, wakalima. Wakazika wazee wao katika ardhi ile ile.

Mwaka 1928 jeshi likaitoa Kibera mikononi mwake, ikawa chini ya utawala wa kawaida wa Serikali. Mabwana wapya hawakuwa wamepigana bega kwa bega na wale wazee, na walipotazama kijiji hawakuona jamaa za askari, waliona kijiji cha watu wasio na nafasi katika vitabu vyao. Kwa maana nchi ilikuwa imegawanywa kwa makabila, kila kabila na nchi yake iliyotengwa, lakini Mnubi hakuwa na nchi yake katika Kenya. Hakuhesabiwa Mzungu wala Mwarabu wala Mhindi, na hakuwa na Chifu wa nyumbani wa kumrudishia. Tena kulikuwa na malalamiko juu ya pombe kali ambayo wake wa Kibera walikuwa mabingwa wa kuipika, ambayo Wazungu waliiita jini ya Kinubi. Polisi waliivamia, na siku ya pili ikapikwa tena, maana iliwapatia watu ada ya shule na chakula.

Jambo lilifika mbele ya Tume ya Ardhi ya Sir Morris Carter, ambayo taarifa yake ilitoka mwaka 1934. Tume iliona kwamba kwa sheria Wasudani wa Kibera ni wapangaji wa Serikali wanaokaa kwa ridhaa yake tu, na mpangaji wa namna hiyo hana kitu cha kumrithisha mtoto. Lakini pia Tume ilikiri kwamba Serikali ina wajibu kwao, na kwamba haikuwa haki kuwaondoa bila kuwapa ardhi nyingine ya kufaa na fidia ya usumbufu.

Kwa maoni yangu hapa ndipo penye kiini cha habari yote. Hawakupewa ardhi, wala hawakuondolewa. Mara kwa mara mipango ya kuwahamisha ilifikiriwa, kisha ikawekwa kabatini. Na mahali panaponuiwa kuhamishwa watu hapapelekwi mfereji wa maji, wala barabara, wala ruhusa ya kujenga nyumba ya mawe. Nani angejenga kwa mawe juu ya ardhi asiyojua kama ataikalia mwaka ujao? Udongo na miti vilitosha. Hivyo udongo wa Kibera haukuja kwa uvivu wa watu wala kwa ushamba wao, kama nilivyowahi kusikia mtu msomi akisema ndani ya basi.

Kwetu mashambani mambo yalikwenda njia nyingine. Babu yangu alikuwa na vipande vitano vya shamba, kimoja huku na kimoja kule ng'ambo ya bonde. Katika miaka ile ya mpango wa Bwana Swynnerton, uliotolewa mwaka 1954, vipande viliunganishwa vikawa shamba moja, likapimwa, na baadaye akapata hati. Wako walioonewa katika kazi hiyo, nayo ni habari ya siku nyingine. Lakini kwa hati ile babu alipanda kahawa, maana kahawa hudai miaka, na mtu hapandi kitu cha miaka juu ya ardhi ya ridhaa. Baba yangu alisoma kwa kahawa ile, nami nikasoma kwa kazi ya baba. Nikiitazama Kibera nafikiri: askari wa mwaka 1904 na babu yangu wote walikuwa watu wa jembe, na yaliyowatenga wajukuu wao ni yale yaliyoandikwa, au yasiyoandikwa, katika ofisi ya mtu mwingine.

WAPANGAJI WAJA

Baada ya vita vya pili Nairobi ilikua upesi. Mwaka 1950 ikapata cheo cha jiji. Kazi zilikuwepo, lakini nyumba za Waafrika hazikutosha, na vibali vya kukaa mjini vilikuwa vigumu. Kibera ilikuwa karibu na eneo la viwanda kwa mtu mwenye miguu mizuri, na Mnubi mwenye shamba aliona kwamba chumba kimoja cha kupangisha chaleta fedha kuliko gunia la mahindi. Akaongeza chumba nyuma ya nyumba yake, kisha kingine. Upande wa kusini, katika mto wa Motoine, likajengwa bwawa mwaka 1953, nalo ni Nairobi Dam. Lilikusudiwa kuwapa watu maji ya kunywa. Leo limejaa uchafu na magugu maji, na anayepita hawezi kusadiki kwamba zamani watu walipeleka mashua humo kwa kujifurahisha.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963 vizuizi vya kuhamia mjini vilikwisha, na mipaka ya jiji ikapanuliwa sana. Watu wakaja kwa wingi: Waluo, Waluhya, Wakamba, Wakisii, Wakikuyu, na wengine. Msitu ukaisha, na mahindi yakaisha baada yake. Serikali mpya ilirithi kabati la Serikali ya zamani pamoja na yaliyomo, na katika kabati hilo Kibera ilikuwa ardhi ya Serikali, basi. Katika sehemu moja ya ardhi hiyo zikajengwa nyumba nzuri za mpango kwa watu wenye mishahara: Jamhuri, Olympic, Ayany, Fort Jesus, na upande wa Lang'ata, Ngei na Otiende. Atembeaye katika mitaa hiyo leo, kwenye maua na malango ya chuma, aona vigumu kukumbuka kwamba nayo yamo ndani ya zile ekari 4,197.

Katika sehemu iliyobaki ruhusa za kujenga vibanda zilitolewa na wakubwa wa mahali, nyingi kwa mdomo tu, na wenye kuzipata wengi hawakuwa Wanubi, wala hawakukaa Kibera. Walijenga safu za vyumba, kila chumba kama hatua nne kwa nne, kuta za udongo na paa la bati, wakamweka mtu wa kukusanya kodi. Ndivyo ilivyotokea kwamba walio wengi Kibera leo ni wapangaji wa watu ambao wenyewe hawana hati. Mpangaji hana mkataba, mwenye chumba hana cheti, na juu yao wote yuko Mnubi asemaye kwamba babu yake ndiye aliyefyeka. Watatu hao wote wana haki ya namna fulani, na hakuna hata mmoja awezaye kuionyesha mahakamani kwa urahisi.

Moto wa jambo hili ulionekana mwishoni mwa mwaka 2001, wakubwa wa siasa waliposema hadharani kwamba kodi za Kibera zapasa kupunguzwa. Wapangaji wakakataa kulipa kodi ya zamani, wenye vyumba wakakataa kupunguza, na mapigano yakazuka. Watu waliuawa na nyumba zikateketezwa. Tena Januari 2008, baada ya uchaguzi uliobishaniwa, vijana waling'oa reli ipitayo katikati ya Kibera, ile iendayo mpaka Kisumu na Uganda. Watu walishangaa kuona picha za vyuma vile vimepinduliwa. Mimi sikupendezwa na kitendo hicho, wala sikukisahau.

IDADI YA WATU

Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba Kibera ina watu milioni moja, na kwamba ni mtaa wa mabanda mkubwa kuliko yote katika Afrika. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilipofanywa, wakahesabiwa watu 170,070. Wengine walikasirika, wakadai kwamba watu wamefichwa. Lakini hesabu ya mwaka 2019 ilipata watu 185,777 katika kaunti ndogo yote ya Kibra, na hesabu hizi mbili zapatana vizuri. Ile milioni ilikuwa ni kisio lililorudiwa mpaka likawa kama kweli, na nadhani liliwafaa wengi, wenye kuomba misaada na wenye kuomba kura. Hata hivyo, watu 170,000 ni wengi kwa mahali penye mifereji michache. Maji ya kununua kwa mtungi huwa ghali kuliko maji ya mfereji wa nyumbani, kwa hiyo maskini wa Kibera hulipia lita moja ya maji zaidi ya alipavyo bwana wa Lang'ata mwenye bustani.

Juhudi za kutengeneza zimekuwapo. Serikali pamoja na Umoja wa Mataifa walianzisha mpango wa kurekebisha mitaa ya mabanda, na mwezi wa Septemba 2009 watu wa sehemu ya Soweto Mashariki walianza kuhamishiwa katika nyumba 600 za ghorofa zilizojengwa Lang'ata, ili mahali pao pa zamani pajengwe. Kazi ilichelewa kwa kesi na mabishano, lakini mwaka 2016 nyumba 822 zilikuwa tayari hapo Soweto, zenye maji na umeme na choo cha ndani. Nimezitazama kwa nje. Ni nyumba za kupendeza. Wako waliozipata wakakaa, na wako waliowapangisha watu wenye mishahara mizuri zaidi, wao wakarudi kwenye chumba cha udongo na kula tofauti ya kodi. Wengine huwacheka watu hao. Mimi siwacheki, maana mtu mwenye watoto watatu wa shule hufanya hesabu yake mwenyewe.

EKARI 288

Tuwarudie Wanubi. Baada ya Uhuru shida yao iliongezeka badala ya kupungua, kwa kuwa sasa haikuwa shida ya shamba tu. Kijana wa Kinubi alipotimiza miaka 18 akaenda kuomba kitambulisho, alipelekwa mbele ya kamati ya kumhoji, akaulizwa habari za babu yake na kabila lake, akaambiwa alete vyeti ambavyo kijana wa kabila jingine hakuulizwa. Kijana asiye na kitambulisho haajiriwi, wala hawezi kufungua akaunti ya benki. Jambo hilo lilipelekwa mbali, na mwezi wa Machi 2011 Kamati ya Umoja wa Afrika ya Haki za Watoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imevunja haki ya watoto wa Kinubi ya kuwa raia tangu kuzaliwa kwao. Mwaka 2015 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu nayo ikaamua kwa upande wa Wanubi, pamoja na habari ya ardhi yao ya Kibera.

Ndipo mwezi wa Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta akawakabidhi wazee wa Kinubi hati ya ardhi, kwa jina la jamii yao yote. Ilikuwa ni miaka 113 tangu 1904. Hati hiyo ni ya ekari 288.

Nilichukua kalamu nikapiga hesabu. Ekari 288 katika 4,197 ni kama sehemu moja katika kumi na tano, au tuseme askari mwenye gunia la debe sita amerudishiwa chini ya nusu debe. Wako Wanubi waliosema kwamba ni afadhali, kwa kuwa nusu debe yenye hati ni bora kuliko gunia la maneno. Na wako waliolia kwa furaha na kwa uchungu pamoja. Lakini ndani ya ekari hizo 288 wamo pia wapangaji na wenye vyumba ambao si Wanubi, wengine waliozaliwa hapo hapo, na hao wakauliza: Je, sisi karatasi yetu iko wapi? Swali hilo nalo si la kijinga.

Mwaka mmoja baadaye likaonekana lenye kuwagusa wote. Tarehe 23 Julai 2018 matingatinga yaliingia Kibera kupasua njia ya barabara ya kuunganisha barabara ya Ngong na ile ya Lang'ata. Nyumba zilibomolewa, shule zikabomolewa, na maelfu ya watu wakabaki nje na magodoro yao wakati wa baridi ya Julai, ambayo wakazi wa Nairobi waijua. Barabara yenyewe ni ya faida, wala simsikii mtu akisema haikutakiwa. Gari la wagonjwa sasa laweza kupita mahali ambapo zamani mgonjwa alibebwa kwa mkokoteni. Lakini alipoulizwa mtu nani alipwe fidia, jibu lilikuwa lile lile la mwaka 1934: ardhi ni ya Serikali.

Siku ya likizo moja mwaka uliopita nilitembea juu ya reli kutoka Laini Saba mpaka karibu na Makina. Ilikuwa asubuhi, na wauzaji walikuwa wametandaza viatu vyao, nyanya na mkaa hatua moja kutoka kwenye vyuma. Gari la moshi likipiga honi huviondoa bila haraka, na likiisha kupita huvirudisha, kama watu wanaofunga na kufungua mlango. Nilinunua mandazi kwa mama mmoja, nikakaa kwenye benchi lake. Juu ya mlango wa chumba chake paliandikwa nambari kubwa kwa rangi nyekundu, ya kupigwa kwa brashi, na chini yake nambari nyingine ya zamani, iliyofifia. Nikamwuliza ni za nini. Akasema kwamba mabwana fulani wa ofisi walikuja kuhesabu nyumba, na kabla yao walikuja wengine. Kila mara huandika nambari, wakaandika na jina lake katika kitabu, wakaenda zao. Hakujua ni ofisi ipi. Akaniuliza kama mimi, kwa kuwa navaa kama mtu wa ofisi, ningeweza kumtafutia. Nilinakili nambari zote mbili nyuma ya tikiti yangu ya basi.

Nimekwisha kuuliza katika ofisi mbili mpaka sasa.